MPOKEA SIMU WA USIKU



Twasema machache juu ya kazi isiyoonekana, nayo ni kupokea simu za dharura.

Kama mjuavyo, mpango uitwao m-mama ulianza mwaka 2013 katika Sengerema na Shinyanga, na mwezi wa Aprili 2022 Rais Samia Suluhu Hassan aliuzindua Dodoma ili uenee nchi nzima. Mama mwenye shida ya uzazi, au jamaa yake, au mhudumu wa zahanati, hupiga namba 115 bila malipo. Mpokeaji aliye katika kituo cha mkoa huuliza maswali kwa taratibu aliyofundishwa, hupima hatari, kisha hutafuta gari la wagonjwa. Lisipopatikana, humwita dereva wa kijijini aliyekwisha kukubali kazi hiyo, naye hulipwa kwa simu akimfikisha mama.

Basi, gari husifiwa kwa kuwa laonekana, bali mpokeaji hakumbukwi. Lakini magari hamsini ni bure ikiwa simu yalia wala hapana wa kuijibu. Juma lina saa 168. Mtu akifanya kazi saa 40, hata watu wanne hawatoshi kiti kimoja, licha ya homa na likizo.

Tena yampasa kuijua nchi: njia ipi ya Kitaya au Msimbati hupitika wakati wa masika, na ipi hufungwa kwa matope. Yafaa ajue na Kimakonde, maana bibi mwenye hofu husema lugha aliyolelewa nayo.

Kwa hiyo twaona yatupasa sisi watumishi kuomba mambo mawili. Kazi ya simu ihesabiwe kuwa kazi kamili, yenye zamu na watu wake. Wala mwuguzi wa zahanati asiondolewe penye wagonjwa ili kujaza kiti hicho. Maana akiondoka yeye, nani atakayepiga 115?

Tangu mwaka 2015 gesi ya hapa Madimba husafiri mpaka Dar es Salaam kwa bomba refu, na mitambo yake hailali. Mama wa Madimba naye astahili sikio lisilolala. Wahenga walisema, kawia ufike. Lakini kwa mama anayetokwa na damu, kukawia ndiko kutofika.