Kupima Joto la Maziwa kwa Waya Mbili

Leo nasema hasa na wewe uangaliaye pipa la maziwa katika chama cha wafugaji.

Maziwa hayo yatakiwa yakae katika joto la digrii 63 za sentigredi kwa dakika 30, ili vijidudu vya kifua kikuu vife. Wewe unatazama mita, mita yasema 63. Je, ni kweli?

Kipimo chako huitwa themokapo, yaani waya mbili za madini mbalimbali zilizoungwa ncha. Mjerumani Seebeck aligundua mwaka 1821 kwamba muungo wa namna hii ukipata joto, nguvu ya umeme hutokea. Ni nguvu ndogo mno: katika aina ya K, kila digrii huleta kama sehemu 40 tu za milioni ya volti.

Tena, themokapo haijui joto la maziwa peke yake. Inajua tofauti kati ya ncha iliyo ndani ya maziwa na ncha zilizofungwa kwenye mita. Mita huongeza joto la pale ilipo. Ikidhani hapo pana digrii 30, kumbe ni asubuhi ya baridi na pana 25, basi itaandika 63 na maziwa yako ni 58. Watoto watakunywa maziwa hayo.

Waya ikiwa fupi, usiunge kwa waya wa taa. Nunua waya wa aina ile ile ya themokapo, na usigeuze chanya na hasi. Ncha nayo isiguse ukuta wa pipa, maana ukuta unaopashwa moto huwa na joto kuliko maziwa. Izamishe mara 10 ya unene wake, au zaidi.

Hata themokapo mpya ya K, daraja la pili, yaruhusiwa kukosea digrii 2.5. Kwa maziwa naona afadhali aina ya T, daraja la kwanza, ambayo hukosea nusu digrii tu.

Ijaribu kila mwezi katika barafu iliyopondwa na kuchanganywa na maji: isome 0. Maji yachemkayo pia yafaa, lakini wa Nairobi wasingoje 100. Kwao maji huchemka karibu na 94 au 95, kwa sababu ya mwinuko. Tofauti uionayo iandike daftarini pamoja na tarehe.

Somo lijalo ni juu ya zile dakika 30.