Nguvu za Ndovu na Udhaifu Wake

Mwaka 1879, katika ghuba ya Msasani karibu na Dar es Salaam, meli iliyotoka Bombay iliteremsha baharini ndovu wanne wa Kihindi, nao wakaogelea mpaka pwani. Walikuwa mali ya Leopold wa Pili, mfalme wa Ubelgiji, ambaye, kwa kuwa ng'ombe wa kukokota walikuwa wakifa kwa mbung'o na mapagazi walikuwa na gharama, alikusudia ndovu hao wachukue mizigo kutoka pwani hadi Karema, ukingoni mwa ziwa Tanganyika. Na msafara wao ukawekwa chini ya amri ya bwana mmoja wa Ireland aliyeitwa Carter.

Wahenga walinena kwamba ndovu hashindwi na mkonga wake, na yaelekea wenye msafara ule walidhani kuwa asiyeshindwa na mkonga hatashindwa na lolote. Kwani waliwatwika wanyama wale mizigo mizito, wakawapitisha katika milima ya Usagara, na jioni wakawaacha wajitafutie majani porini, ilhali kwao Bara Hindi walizoea kupewa posho ya nafaka. Mmoja alikufa Mpwapwa, wenziwe wakamfuata baadaye, na mpango wote ukaharibika.

Nimeitanguliza habari hii kwa sababu naona kwamba ndovu aliye mikononi mwa watu huponzwa na nguvu zake mara nyingi kuliko anavyoponzwa na ukatili wa mtu. Anayemfuga humwona akiung'oa mti kama mtu ang'oavyo mchicha, akashindwa kusadiki kwamba kiumbe huyo ni mwepesi wa kudhurika. Kumbe tumbo lake halifaidi hata nusu ya akilacho, hivyo hana budi kula kutwa nzima na sehemu kubwa ya usiku, kilo 100 na zaidi za majani, magome na matawi, pamoja na maji yapatayo lita 100. Akipunjwa hukonda polepole, na uti wa mgongo ukianza kujitokeza, madhara yamekwisha kuwa makubwa.

Lakini maudhi yake makuu yako miguuni, na hapa naomba tukawie kidogo. Ukimtazama ndovu utadhani anakanyaga kwa wayo mzima kama sisi, kumbe mifupa yake imesimama juu ya vidole, na nyuma ya vidole hivyo umelazwa mto mnene wa mafuta na nyuzinyuzi, ambao hutanuka akikanyaga na kusinyaa akiinua mguu. Porini, mwendo mrefu juu ya mchanga na mawe husaga kucha na ngozi ya wayo kwa kadiri inayotakiwa. Bali aliyefungwa mnyororo juu ya sakafu ya saruji, akasimama kutwa juu ya mkojo na kinyesi chake, kucha zake hurefuka na kupasuka, uchafu ukapenya, usaha ukapanda hata kufika mfupani, na fauka ya hayo baridi yabisi ikashika viungo. Wengi wamekufa kwa njia hiyo, au wameuawa kwa dawa kwa kuwa hawakuweza tena kusimama. Kwa hiyo mlezi hodari humfundisha ndovu, kwa tunda na kwa sauti ya upole, autoe mguu kupitia tundu la uzio na kuutuliza juu ya kigogo. Kisha huusugua kwa maji na burashi, akachokoa changarawe zilizokwama katika nyufa, akainama kuunusa, maana aghalabu harufu ya uozo hutangulia kidonda kuonekana, ndipo akakata ngozi iliyokufa kwa kisu kilichopinda na kulainisha ukucha kwa tupa. Kazi hiyo haina mwisho maadamu mnyama yu hai, na ndiyo maana bustani za wanyama zenye busara zimeng'oa saruji na kumwaga mchanga.

Ghairi ya chakula na miguu, kuna jambo la wenzi. Bibi Daphne Sheldrick wa Kenya alitaabika miaka mingi kutafuta maziwa yatakayomfaa mtoto wa ndovu aliyefiwa na mama, kwa kuwa mafuta yaliyomo katika maziwa ya ng'ombe humdhuru, hata akatambua kuwa mafuta ya nazi ndiyo yanayomfaa zaidi. Akamlea kitoto kimoja jina lake Aisha, kikanawiri. Bibi huyo alipoondoka kwa muda kwa ajili ya harusi ya binti yake, Aisha akakataa kula, akafa. Maziwa yalikuwapo, aliyekosekana ni mtu. Tangu hapo, katika kituo cha ndovu mayatima cha Nairobi, walezi hulala zizini pamoja na watoto hao, nao hupokezana zamu ili mtoto awapende wengi, asije akaiweka roho yake yote kwa mmoja.

Sasa tutazame umri wa ndovu wanaofugwa. Mwaka 2008 wataalamu walichapisha hesabu ya majike wa Kiafrika waliozaliwa katika bustani za wanyama za Ulaya: umri wao wa kati ulikuwa miaka 17 hivi, na wenzao wa porini huko Amboseli, Kenya, waliokufa kwa maumbile walifikisha 56. Hata ukiwatia katika hesabu wale wa Amboseli waliouawa na watu, bado unapata 36. Tafadhali zingatieni: porini, pamoja na mikuki na risasi zake, ndovu aliishi takriban maradufu ya yule aliyekuwa na tabibu wake mlangoni!

Basi msikilizaji utakayejaliwa kuzuru bustani ya wanyama, hapa kwetu au ughaibuni, usiishie kustaajabia pembe. Tazama sakafu ni ya nini; tazama kama yuko peke yake; na ukimwona akiyumbisha kichwa kushoto na kulia bila kukoma, usiwaambie watoto kwamba anacheza ngoma, kwani hiyo ni dalili ya dhiki iliyomwingia zamani, na aghalabu haimtoki hata akihamishiwa mahali pazuri. Muulize mlezi lini miguu ilikaguliwa mara ya mwisho. Mlezi mwema atafurahi kuulizwa.

Juma lijalo, inshallah, saa kama hii, tutazungumza juu ya punda wa Lamu na mizigo yao.