Bahari Si Jaa

Wasikilizaji wetu wa Kigombe, Tongoni, Mwarongo na kote Mtang'ata, nanyi mlioko Pangani na Tanga mjini kadhalika, nimekusudia leo kusema tena juu ya jambo ambalo sitachoka kulisema maadamu naliona kila pwani niendako: mfanyi biashara huihesabu faida yake hata senti ya mwisho, lakini uchafu uliozaliwa na biashara ile ile huuachilia uende mtoni pasipo hesabu yoyote, na akiulizwa hujibu kwamba bahari ni kubwa.

Ukubwa upi? Ninyi mnaoshuka alfajiri kungoja mashua, nanyi akina mama mnaochokoa pweza maji yakipwa, mwajua kwamba maji ya vijito vyetu vya mikokoni hayaendi Bara Hindi yakapotelea huko. Hupwa na kujaa mara mbili kwa kutwa, na siku za maji mafu huzungukazunguka pale pale mizizini. Taka iliyoachiliwa asubuhi hurudi jioni mahali wanapokulia kamba na tasi.

Chukueni mkonge, ambao umekuwa mali ya nchi hii tangu Dkt. Richard Hindorf alipouleta mwaka 1893, miche 62 tu ikiwa ndiyo iliyosalimika. Katika kila kilo 100 za majani yaingiayo korona, mashine ya kutolea nyuzi, singa hazizidi kilo 4 au 5. Yaliyobaki yote ni makapi na maji makali yenye kuchacha upesi, na yakiingia kijitoni, vijidudu vinavyoyaozesha humaliza hewa iliyomo majini, hata samaki wakafa kwa kukosa pumzi. Nilipata kusimama kando ya mto mmoja, chini ya kiwanda ambacho sitakitaja, maji yamekuwa meusi na harufu yake haistahimiliki, na msimamizi akaniambia kwa utulivu kwamba masika yatasafisha. Masika hayasafishi, bwana! Huusukuma uchafu ule ule mpaka kwenye matumbawe.

Wala isidhaniwe kwamba hila ya kuuzuia haipo. Pale Hale, wilayani Korogwe, kampuni ya Katani, kwa msaada wa UNIDO, shirika la Umoja wa Mataifa la maendeleo ya viwanda, ilijenga mtambo ambamo makapi ya mkonge yalitiwa katika tangi lililozibwa, yakavunda bila hewa, ikatoka gesi ya kuendesha jenereta ya umeme, na masalio yake yakawa mbolea ya kurudishwa shambani. Asiyekuwa na fedha za mtambo achimbe madimbwi yanayofuatana, makapi yatuame humo, maji yakawie siku kadhaa kabla ya kutoka. Kuchimba shimo si gharama ya kumfilisi mtu.

Lakini nanyi wenye biashara ndogo msikae mkitikisa vichwa. Fundi wa pikipiki unayemwaga oili chafu mferejini, oili hiyo hugandamana na mizizi ile ya mikoko inayochomoza topeni kuvuta hewa, na mti ukafa umesimama. Pipa moja lenye kifuniko lingetosha. Mwenye nyumba ya wageni uliyechimba shimo la choo mchangani, hatua chache kutoka majini, wageni wako wanaogelea katika yale waliyoyaacha. Habari ya mifuko ya plastiki, iliyopigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019, mmekwisha kuisikia, siirudii.

Lipo na jingine linaloniudhi mno. Tajiri huja na fulana mpya na miche ya mikoko, akapigwa picha, hali bomba lake lingali likitiririsha. Kwanza lizibwe bomba! Mahali maji yalipo safi na shoka limekoma, mbegu za mikoko huletwa na maji zenyewe zikaota bila ya hotuba.

Kijiji cha Kigombe kilikuwa miongoni mwa vya mwanzo kushirikiana na serikali kulinda mwamba wake, katika mradi wa pwani ulioanza mwaka 1994. Na tangu 2009 tumo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, samaki wa kale ambaye wataalamu walidhani ametoweka duniani mpaka alipovuliwa Afrika ya Kusini mwaka 1938, na ambaye majarife ya wavuvi wetu yamemleta juu mara nyingi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 nayo inamtaka mchafuzi alipe. Basi wajumbe wa kijiji na wa BMU, kikundi cha wanakijiji cha kusimamia uvuvi na pwani, wana haki ya kufika kiwandani na kuuliza: madimbwi yako wapi, na maji yanatokea wapi? Nawe mwenye duka au gereji, leo jioni ukisha kufunga mlango, ufuate mfereji wako kwa miguu mpaka unapoishia, na ukiukuta umeishia kijitoni, uufukie kabla ya bamvua ijayo.