Askari, Bangi na Siku ya Mapumziko

Mada kwa semina ya wazazi na vijana wa Afrika Mashariki waishio Marekani na Kanada



Nimepewa swali moja: askari akiwa mapumzikoni, nje ya kambi, amevaa nguo zake za kiraia, aruhusiwe kuvuta bangi? Nitajibu mapema nisiwachoshe. Aruhusiwe, kwa masharti ya saa kama yale ya Kanada. Lakini maadamu sheria ya Marekani iko kama ilivyo, kijana wetu aliyevaa sare ya Marekani asiiguse. Majibu haya mawili hayagongani, na sehemu kubwa ya mada yangu ni kueleza kwa nini.

Kwetu Tanzania na Kenya swali hili halina pa kushika, kwani bangi ni kosa kwa raia na kwa askari vilevile. Ugumu huanza pale raia anaporuhusiwa na askari akakatazwa. Katika jimbo la Washington wapiga kura walihalalisha bangi mwaka 2012, na maduka yakafunguliwa 2014. Raia aliyetimiza miaka 21 huingia dukani, huonyesha kitambulisho, hutoka na kifurushi chake. Askari wa kambi ya Lewis-McChord, iliyo katika jimbo hilohilo, akifanya hivyo Jumamosi jioni anakuwa ametenda kosa chini ya kifungu cha 112a cha sheria ya nidhamu ya majeshi ya Marekani. Adhabu ya juu kabisa ya kutumia bangi ni kifungo cha miaka 2 na kufukuzwa jeshini kwa aibu. Wengi hawafikishwi huko. Huondolewa kwa barua tu, bila kesi. Msidhani hiyo ni nafuu. Nitarudi hapo.

Kuna wanaoamini kwamba kusema "nilikuwa mapumzikoni" ni hoja mpya. Hoja hiyo imeshafika mahakamani na ikashindwa. Mwaka 1969, katika shauri la O'Callahan, sajini aliyetenda jinai kwenye hoteli moja ya Honolulu akiwa na ruhusa ya kutoka na bila sare, Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema mahakama ya kijeshi haina mamlaka juu ya kosa lisilohusiana na utumishi. Kwa miaka 11 mawakili wakabishana: msokoto uliovutwa nje ya geti unahusiana na utumishi au hauhusiani? Mwaka 1980, katika shauri la Trottier, mahakama ya rufani ya kijeshi ikaamua kwamba karibu kila jambo la dawa za kulevya linagusa utumishi. Halafu mwaka 1987, katika shauri la Solorio, Mahakama ya Juu ikafuta hata msimamo wake wa 1969: kinachotazamwa ni kama mtu ni askari au si askari, basi. Alikuwa wapi, saa ngapi, amevaa nini, hayo hayaulizwi tena. Kwa sheria ile, askari yuko jeshini hata akiwa usingizini.

Kati ya mashauri hayo kuna tukio ambalo kila afisa anayetetea katazo hulitaja. Usiku wa tarehe 26 Mei 1981, ndege ya kivita ilianguka juu ya sitaha ya manowari Nimitz, nje ya pwani ya Florida. Watu 14 walikufa. Uchunguzi wa maiti ulikuta dalili za bangi kwa baadhi ya mabaharia waliokuwa wakifanya kazi sitahani, na Rais Reagan akatangaza kutovumilia kabisa. Upimaji wa mkojo ukaenea majeshini. Kinachosahaulika ni kwamba Jeshi la Majini lenyewe lilishikilia kuwa bangi ya mabaharia wale haikusababisha ajali. Aliyekuwa akiiendesha ndege ile naye alikutwa na kitu mwilini, nacho kilikuwa dawa ya mafua kwa kiwango kikubwa. Sera nzima imesimama juu ya ajali ambayo bangi haikuileta.

Hata hivyo, haki itendeke: upimaji ulifanya kazi. Mwaka 1980, asilimia 27.6 ya wanajeshi wa Marekani walikiri katika utafiti wa wizara yao kwamba walikuwa wametumia dawa haramu ndani ya siku 30 zilizotangulia. Mwaka 1998 walikuwa asilimia 2.7. Anayesema katazo halikusaidia kitu hajatazama hesabu hizo.

Sasa tuitazame chupa yenyewe ya kupimia mkojo, maana ugomvi wangu uko humo. Alfajiri kompyuta hutoa majina. Askari aliyetajwa huandika herufi za jina lake kwenye lebo, hupewa chupa ya plastiki, kisha huongozana na msimamizi wa jinsia yake hadi chooni. Msimamizi hageuki pembeni. Kazi yake ni kuuona mkojo ukitoka mwilini na kuingia chupani, kuona kifuniko kikifungwa, na kutia sahihi kwamba ameona. Chupa huzibwa kwa utepe na kupelekwa maabara. Huko hutafutwa masalia ambayo mwili huyaacha baada ya kuivunjavunja THC, kile kiini cha bangi kinacholevya. Masalia hayo hayalevyi. Kwa aliyevuta mara moja hukaa siku chache. Kwa mvutaji wa kila siku yanaweza kukaa wiki kadhaa. Kwa hiyo chupa inaweza kutueleza kwamba kijana alivuta. Kama Jumatatu asubuhi, akiwa ameshika bunduki, alikuwa bado amelewa, chupa haijui.

Kwenye pombe jeshi lilelile hutumia akili nyingine. Rubani wa Jeshi la Anga la Marekani hukatazwa pombe saa 12 kabla ya kazi ya kuruka. Hakuna anayetafuta mabaki ya bia ya wiki iliyopita. Na pombe, tusidanganyane, imevunja ndoa na maisha ya askari wengi kiasi ambacho bangi haijakaribia.

Kanada iliamua kuitazama bangi kwa saa vilevile. Raia waliruhusiwa tarehe 17 Oktoba 2018, na jeshi lilikuwa limeshatoa agizo lake mwezi uliotangulia. Askari wa Kanada haruhusiwi kutumia bangi ndani ya saa 8 kabla ya kazi anayoijua au kuitarajia. Akiwa ana kazi ya kushika silaha yenye risasi au kuendesha gari la jeshi, ni saa 24. Wanaoruka na ndege, wapiga mbizi na warukaji wa miavuli kutoka juu sana ni siku 28, yaani kwao ni katazo lenye jina la adabu, nami naliunga mkono. Akiwa kwenye operesheni au mazoezi ya kikosi, haruhusiwi kabisa.

Najua pingamizi. Askari si karani. Anaweza kuitwa saa nane usiku. Kweli, lakini aliyekunywa chupa sita za bia anaweza kuitwa saa hiyohiyo, na hatujasikia bia ikipigwa marufuku kwa sababu hiyo. Pingamizi la pili lina uzito zaidi: pombe ina kipimo cha pumzi, ilhali kwa bangi hakuna kipimo kinachokubalika cha kuonyesha kwamba mtu amelewa sasa hivi. Kanada inategemea jicho la kiongozi wa kikosi na ukweli wa askari mwenyewe. Hilo ni tegemeo dhaifu, sifichi. Ila jeshi tayari linamtegemea sajini aone nani hajalala, nani ana homa, nani amepokea habari mbaya kutoka nyumbani. Sioni kwa nini hapa tu jicho lake lisiaminike.

Nirudi kwa vijana wetu. Wapo walioingia jeshi la Marekani kupitia mpango ulioanza 2009 wa kuandikisha wageni wenye lugha zilizohitajika, Kiswahili kikiwamo, wakapata uraia kwa njia hiyo. Wengine wamejiunga wakiwa na kadi ya kijani. Kwa mtu wa namna hii, barua ya kuondolewa jeshini si suala la kazi tu. Uraia uliopatikana kwa utumishi wa kijeshi unaweza kufutwa ikiwa mtu ataondolewa kwa sifa mbaya kabla hajatimiza miaka 5 ya utumishi wa heshima. Ada ya chuo ambayo serikali huwalipia waliotumikia baada ya Septemba 2001 hutolewa kwa aliyeondoka kwa heshima kamili. Sifa ikipungua daraja moja tu, ada imekwenda. Na kwa asiye raia, hukumu ya dawa za kulevya inaweza kumfungulia kesi ya kuondolewa nchini. Mwenzake mzaliwa wa Ohio atapoteza kazi na kurudi kwa mama yake. Huyu wetu anaweza kurudishwa Kisumu au Tanga.

Wala msifikirie moshi peke yake. Peremende na keki zenye THC hutolewa kwenye sherehe za binamu na marafiki bila maelezo. Anayekula bila kujua ana utetezi, lakini mahakama ya kijeshi inaruhusiwa kuchukulia, kutokana na majibu ya chupa, kwamba alijua. Tangu 2020 hata bidhaa za mmea wa bangi usiolevya zimekatazwa, na Jeshi la Majini likaongeza shampuu na losheni. Mnacheka, lakini hiyo ni amri.

Naomba semina hii itoke na mambo mawili. Wenye kura Marekani wawaandikie wabunge wao kwamba utaratibu wa saa uliopo Kanada unafaa kuigwa. Na kila mzazi mwenye mtoto kambini Marekani ampigie simu wiki hii, amwulize kama anaijua sheria ya uraia wake. Wale wa Kanada, ambako tangu 2022 wakazi wa kudumu wanaweza kujiunga na jeshi, wamwombe kijana awasomee agizo la saa 8, 24 na siku 28, kisha wamwulize yeye yuko kundi gani.