Meza ya Epoksi Ikinata, Usimwage Tabaka Jingine

(Mazungumzo ya afisa wa habari wa kaunti kwa mafundi wa mbao na wanafunzi wa chuo cha ufundi, Nyeri)

Mimi ni mtu wa kalamu, si wa randa, kwa hivyo nitasema machache kisha nimpishe mkufunzi.

Mteja analipa nusu, fundi ananunua resini, na siku ya kuchukua meza kidole kinanata. Wengi wetu hukimbilia kumwaga tabaka jingine juu ili kuficha. Hapo hasara inakuwa mara mbili, kwa sababu lililo chini halitakauka kwa kufunikwa.

Kwanza jua kwa nini inanata. Kama meza yote ni laini kwa usawa na una hakika na vipimo, huenda ni baridi tu. Ihamishie mahali penye joto, uipe siku chache. Kama inanata mahali mahali, haikukorogwa vizuri. Kwangua uchafu huo wote hadi ufikie pagumu, futa kwa spiriti, piga msasa, ndipo umwage.

Waliotoka kwenye karakana za magari wamezoea faiba, ambayo ukiiongezea dawa kidogo inashika haraka. Epoksi haiko hivyo. Hadena ikizidi inabaki bila resini ya kuungana nayo, na meza inabaki laini. Mkebe ukisema 2 kwa 1, ni 2 kwa 1, na usome kama ni kwa ujazo au kwa uzani.

Sasa baridi yetu. Resini nyingi hupenda nyuzi 21 hadi 24, na Julai yetu hapa mnaijua. Ikipoa inakuwa nzito kama uji, viputo vinanaswa ndani. Kabla ya kuchanganya, tia mikebe iliyofungwa vizuri kwenye maji ya moto kiasi. Lakini jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa, tafadhali, hapana. Hewa yake inaua watu. Tena hewa hiyo pamoja na unyevu huifanya epoksi itoe utando wa mafuta mafuta juu. Utando huo huoshwa kwa maji ya vuguvugu na sabuni kabla ya msasa. Ukianza na msasa unausambaza tu.

Viputo vingine hutoka kwenye mbao yenyewe, hasa mukima ambao haujakauka sawasawa. Paka kwanza tabaka jembamba la kuziba vinyweleo. Kama viputo vimeshagandia, vifungue kwa ncha ya drili, toa vumbi, jaza kwa matone, kisha msasa namba 120 hadi 220 mpaka meza yote ifubae. Ukiacha sehemu inayong'aa, tabaka jipya litabambuka hapo. Vishimo vya mviringo vinavyokataa kujaa ni alama ya mafuta au nta, mara nyingi kutoka kwa kitambaa kilichofutia kitu kingine.

Vaeni barakoa na glavu. Epoksi ambayo haijakomaa huwasha ngozi, na mwili ukishaikataa mara moja, utaendelea kuikataa kila ukiigusa.

Kipande cha kaunta kile pale kina viputo, utando na mahali panaponata. Sogezeni viti, mkufunzi ataanza na panaponata.