UKIUZIWA GARI BOVU: DINI INASEMAJE, NA SHERIA INASEMAJE?

(Mazungumzo yaliyotolewa kwenye darsa ya vijana baada ya Swala ya Alasiri, mwezi wa Ramadhan)

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.T.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baad.



Waandalizi waliponipigia simu walitaka nizungumze juu ya biashara ya halali. Nikawaambia, jamani, hiyo ni bahari. Nipeni gari moja tu, tena la mtumba, mtaona mambo yote yamo ndani yake. Wakacheka. Lakini mimi sikuwa natania, kwa sababu gari hilo nililinunua mimi mwenyewe.

Ilikuwa mwaka 2018. Mamangu alikuwa mgonjwa, na kumpeleka kliniki kwa matatu ilikuwa ni mateso. Nikakusanya akiba yangu, nikakopa kidogo kwa shemeji, nikapata shilingi 480,000. Muuzaji hakuwa mtu wa yadi wala dalali. Alikuwa ni mtu tunayesali safu moja. Nikamuuliza, "Gari lina shida yoyote?" Akaniambia, "Wallahi ndugu yangu, wewe tia mafuta uende." Mimi kusikia wallahi, nikafunga mdomo. Sikumwita fundi, sikuandika chochote. Nusu nikalipa taslimu, nusu kwa M-Pesa.

Wiki ya tatu, tuko njiani kwenda Malindi na mama yuko nyuma, giaboksi ikakataa. Injini yanguruma, gari halivuti. Fundi alipofungua akanionyesha: mlikuwa mmetiwa oili nzito ili ule mlio usisikike. Mita ya kilomita nayo ilikuwa imerudishwa nyuma. Nilipomwendea muuzaji akanijibu kwa maneno machache: "Tumeshauziana. Gari ni lako."

Sasa hebu tuulize, ni kweli? Mambo yameisha hapo?

DINI YETU INASEMAJE

Mnaijua hadithi aliyoipokea Imam Muslim kutoka kwa Abu Hurayra (R.A.). Mtume (S.A.W.) alipita sokoni akaona rundo la nafaka, akatia mkono ndani, vidole vikatoka na maji. Mwenye mali akasema ni mvua. Mtume akamuuliza kwa nini ule ulioroa hakuuweka juu watu wauone, kisha akabainisha kwamba mwenye kughushi si katika yeye. Tazameni, yule mtu hakusema uongo. Alinyamaza tu, akaweka kikavu juu.

Iko nyingine, katika Bukhari na Muslim, ya mnyama wa maziwa ambaye mwenyewe haachi akamuliwe siku kadhaa ili kiwele kijae, mnunuzi adhani ana maziwa mengi. Mtume (S.A.W.) alimpa mnunuzi hiari: akipenda amweke, akipenda amrudishe pamoja na pishi ya tende kwa maziwa aliyokamua. Riwaya nyingine imetaja siku tatu. Ndugu zangu, mita iliyorudishwa nyuma na oili nzito ndani ya giaboksi ni kiwele kilichofungwa. Ni hila ile ile, mnyama tu ndiye amebadilika.

Kutokana na mafunzo haya wanazuoni wakaweka mlango unaoitwa khiyar al-ayb, yaani hiari ya mnunuzi akikuta aibu. Masharti yake ni mepesi kuyafahamu: aibu iwe ilikuwako kabla hujakabidhiwa, iwe inapunguza thamani, na wewe uwe hukuijua. Hapo una haki ya kurudisha kitu na kupewa pesa zako.

Lakini sikilizeni vizuri hapa, maana hapa ndipo nilipojikwaa. Katika madhehebu yetu ya Imam Shafii, haki hiyo ni ya papo kwa papo. Ukiijua aibu ukaendelea kukitumia kitu bila udhuru, umeridhika. Mimi nililitengeneza kwa kubahatisha, nikaliendesha miezi miwili mingine huku nikilalamika barazani. Ulimi wangu ulikuwa unakataa gari, miguu yangu inalikubali.

Na vipi muuzaji akisema, "Nakuuzia kama lilivyo, mimi sina dhamana"? Kauli yenye nguvu kwa Mashafii ni kwamba neno hilo halimwokoi katika aibu aliyoijua akaificha. Anayejua aseme.

NA SHERIA YA KENYA JE?

Sheria ya kwanza ya kuijua ni ile ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31. Hii inatofautisha baina ya mfanyabiashara na mtu binafsi, na tofauti hiyo ni kubwa.

Ukinunua kwenye yadi, kwa mtu ambaye kazi yake ni kuuza magari, kifungu cha 16 kinakuwekea kinga hata kama hamkuandikiana: gari liwe na ubora wa kuuzika, na lifae kwa kazi uliyomweleza. Tena iko Sheria ya Kulinda Watumiaji Bidhaa ya mwaka 2012. Ukinunua kwa jirani anayeuza gari lake mwenyewe, kinga hiyo ya ubora haiko. Sheria yakuambia: mnunuzi ajihadhari. Jirani akinyamaza kimya asiseme lolote, na wewe usiulize, kwa kawaida mahakama haitamshika kwa kunyamaza kwake.

Hapa ndipo mnapoona sheria yasimama na dini yaendelea mbele. Sheria humshika mwenye kusema uongo, na dini humshika hata aliyenyamaza.

Lakini msikate tamaa. Hata kwa mtu binafsi umebaki na mambo matatu.

La kwanza, awe na haki ya kuuza. Hiki ni kifungu cha 14. Gari likiwa la wizi litarudi kwa mwenyewe, na wewe utamdai aliyekuuzia.

La pili, gari liwe kama lilivyoelezwa. Hiki ni kifungu cha 15. Akikuandikia kwamba ni la mwaka 2012 na likatokea ni la 2008, amevunja mapatano.

La tatu, asiwe amekudanganya. Ukimuuliza swali akajibu uongo, na wewe ukanunua kwa sababu ya jibu lile, unaweza kuomba mapatano yavunjwe au ulipwe fidia. Ndiyo maana nawausia vijana: ULIZENI. Swali linamtoa muuzaji kwenye kunyamaza. Akishajibu, ama amesema kweli au amesema uongo. Na mwulize kwa ujumbe wa simu, ili jibu libaki.

Juu ya kurudisha gari, sheria nayo haimngoji mtu. Gari ambalo umeliona, umelikubali na limeshakuwa lako, mara nyingi kinachobaki ni fidia, nayo kwa kawaida ni tofauti ya thamani: gari lingekuwa la bei gani lingekuwa zima, na ni la bei gani na ugonjwa wake. Kwa hivyo kadiri unavyosema mapema ndivyo haki yako inavyokuwa na nguvu, kama ilivyo katika fiqhi.

UFANYE NINI LIKIKUKUTA

Kwanza, liegeshe. Usiliendeshe, na usimpe fundi alifungue ovyo. Pili, tafuta fundi asiyejuana na nyinyi wawili, akupe maandishi yenye tarehe: aibu ni gani, na kwa maoni yake imeanza lini. Tatu, mwandikie muuzaji. Mweleze aibu, mwambie unataka nini, mpe siku maalum. Hasira weka kando, wewe umefunga.

Nne, nendeni kwenye sulhu. Sulhu si udhaifu. Katiba yenyewe, kifungu cha 159, inazitaka mahakama zihimize upatanishi. Chukueni wazee wawili wa msikiti, na mkikubaliana andikeni na mtie sahihi.

Tano, sulhu ikishindikana, iko Mahakama ya Madai Madogo. Ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 2016, ikaanza kazi Milimani, Nairobi, Aprili 2021, kisha ikafika miji mingine, Mombasa ikiwemo. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, unaweza kujisimamia bila wakili, na sheria yataka hukumu itoke ndani ya siku 60. Dai likizidi milioni moja, hapo ni mahakama ya hakimu, na ni bora umwone wakili. Muda wa kudai juu ya mapatano ni miaka sita, lakini shahidi husahau na fundi huhama, usilale.

Wengi huniuliza, mbona tusiende kwa Kadhi? Kifungu cha 170 cha Katiba kimempa Kadhi mambo ya hali ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, baina ya Waislamu wanaokubali mahakama yake. Kesi ya gari haimo. Kadhi anaweza kukupa nasaha, hukumu ya gari hawezi.

Na polisi? Polisi si watoza madeni. Lakini logibuku ikiwa ya kughushi, au mtu amechukua pesa kwa hila tangu mwanzo, hilo ni kosa la jinai. Kifungu cha 313 cha Kanuni ya Adhabu kimeweka kifungo cha hadi miaka mitatu. Piga ripoti, chukua nambari ya OB.

KABLA HUJATOA PESA

Tazama rekodi ya gari NTSA kupitia eCitizen, jina la mwenyewe lilingane na kitambulisho chake, na uangalie kama benki ina mkono wake hapo. Peleka fundi wako. Andikianeni, na mtie ndani kila aibu inayojulikana. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, katika Suratul Baqara, ni ya kuandikiana madeni, na sisi twaona haya kumwambia mwenzetu "tuandikiane"! Kisha badilisheni umiliki haraka. Sheria ya Trafiki imeweka siku 14.

MWISHO WA GARI LANGU

Mtataka kujua lile gari lilikwendaje. Dalali mmoja aliniambia, "Wewe lioshe injini, litie oili nzito kama alivyofanya mwenzako, uza. Umedhulumiwa, rudisha pesa zako." Wallahi, nawaambia kweli, nililiosha. Nilinunua na oili. Ilikuwa ni mwezi kama huu, na mnunuzi alikuwa aje baada ya Ijumaa, kijana anayetaka kuanza kazi ya teksi.

Usiku wake sikulala. Nilijiambia, aliyenidhulumu ni mtu mmoja, na mimi naenda kumdhulumu mwengine asiyemjua. Deni langu liko kwa yule, si kwa huyu kijana. Alipokuja nikampa ile karatasi ya fundi aisome kabla hajaliona gari. Akaondoka. Baadaye fundi mmoja alilinunua kwa 290,000, akiijua aibu yake yote.

Kwa yule muuzaji, wazee walikaa naye mara tatu. Alikubali kulipa 60,000 kidogo kidogo, na akalipa. Si haki yangu yote, kwani nilichelewa na sikuwa na maandishi. Bado twasali safu moja. Salamu yake naiitikia.

Vijana wangu, mnaofunga midomo yenu na chakula cha halali mchana kutwa, msiifungue jioni kwa pesa ya gari mliloficha ugonjwa wake. Na aliyedhulumiwa adai haki yake kwa njia yake, adai mapema, na asiihamishie dhulma kwa mwengine.

Allah atutakabalie funga zetu, na atutilie baraka katika tunachouza na tunachonunua. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.