Mashauri kwa Wanaoanza Kujifunza Piano

Haya ni maneno ya hotuba iliyotolewa na mwalimu mmoja wa muziki mbele ya waalimu na wanakwaya wanaotaka kujifunza kupiga piano.



Nimeombwa niseme nanyi leo habari ya kujifunza kupiga piano. Wengi wenu mmeimba katika kwaya kwa miaka mingi, na sasa mwataka kukaa mbele ya kinanda wenyewe. Nafurahi sana kwa jambo hilo. Lakini kabla ya kutoa mashauri, yanipasa niwaeleze aibu iliyonipata mimi, kwa kuwa aibu hiyo ilinifundisha zaidi kuliko kitabu chochote.

Nilipokuwa kijana nilijifunza kwa kusikiliza na kuiga. Hakuna aliyenionyesha namna ya kuweka vidole. Baada ya miezi michache niliweza kupiga nyimbo tano za kanisani kwa haraka, watu wakanisifu, nami nikaziamini sifa zao. Kisha mjomba wangu akafariki dunia, nikaombwa nipige wimbo katika ibada ya maziko yake. Nilianza vizuri. Katika ubeti wa pili mtoto alilia karibu nami, kidole kimoja kikakosea, nikasimama. Nilitaka kuendelea pale nilipokomea, nisiweze, kwa maana wimbo ule sikuujua ila kwa kuuanza mwanzo. Nikarudi mwanzo, hali waimbaji wamekwisha fika mbali. Mwishowe nikaondoa mikono yangu, nao wakaumaliza wimbo bila kinanda. Mama yangu hakunilaumu hata kwa neno moja. Lakini marehemu alikuwa ndugu yake wa tumbo moja, nami nilijua kwamba sikumpa heshima aliyostahili.

Baada ya siku hiyo nikatafuta mwalimu. Alinisikiliza kwa dakika mbili tu, kisha akasema tuanze upya kwa mkono mmoja. Nyimbo zile tano nilikuwa nimejifunza kwa miezi michache. Kuyaacha makosa niliyojifunza pamoja nazo kulinichukua miaka miwili. Basi hilo ndilo neno langu kuu leo: vidole hushika kila vinachofundishwa, kiwe sawa au kiwe kosa. Kazi ya anayeanza ni kuangalia visifundishwe kosa.

Kwanza yafaa mkifahamu chombo chenyewe. Piano ilibuniwa na fundi wa Kiitalia, Bartolomeo Cristofori, katika mji wa Florence karibu na mwaka 1700. Kabla yake vilikuwapo vinanda ambavyo nyuzi zake zilinyofolewa, na sauti ilikuwa karibu ile ile, mtu abonyeze kwa nguvu au kwa upole. Cristofori alitia nyundo ndogo ndani ya kinanda. Ukibonyeza kibao, nyundo huupiga uzi na kurudi mara moja. Ukibonyeza kwa upole sauti huwa ndogo, na ukibonyeza kwa uzito sauti huwa kubwa. Kwa hiyo uzuri wa sauti umo katika uzito wa mkono wako, na jambo hili halina njia ya mkato.

Piano kamili ina vibao 88, yaani vyeupe 52 na vyeusi 36. Msiogope wingi huo. Tazameni vile vyeusi: vimepangwa viwili viwili na vitatu vitatu, toka upande huu hata upande ule. Kibao cheupe kilicho kushoto mara tu ya vyeusi viwili ndicho C. Tafuteni kila C iliyopo, kisha fumbeni macho mwitafute kwa kupapasa. Mtu anayejua mahali pa C kwa vidole vyake hatapotea tena.

Jambo la pili ni kukaa. Kaa nusu ya mbele ya kiti, miguu ikanyage sakafu, na kiwiko kilingane na vibao. Kiti kikiwa kifupi, ongeza mto au ubao. Mabega yalegee. Vidole vipinde kidogo kama vya mtu aliyeshika yai, na kucha ziwe fupi. Mkono ukianza kuuma, pumzika. Maumivu si alama ya bidii, bali ni alama ya kwamba umekaza mahali pasipotakiwa.

Jambo la tatu ni hesabu ya vidole. Katika vitabu vya piano kidole gumba huitwa 1, cha shahada 2, cha kati 3, cha pete 4, na kidole cha mwisho 5, katika mikono yote miwili. Mkono wa kuume ukipanda kutoka C hutumia 1, 2, 3, kisha gumba hupita chini ya kidole cha kati na kupiga F, ndipo zifuate 2, 3, 4 na 5. Mkono wa kushoto ukipanda huanza kwa 5 na kuteremka hata 1, kisha kidole cha 3 huvuka juu ya gumba, zikafuata 2 na 1. Ziheshimuni namba hizo. Mtu akitumia kidole hiki leo na kingine kesho, mkono wake hautapata njia ya kuzoea. Na siku ya hofu, mkono usio na njia hupotea.

Jambo la nne ni namna ya kujifunza wimbo. Msiupige wote tangu mwanzo hata mwisho mkitumaini kwamba utanyooka wenyewe. Ugawanyeni katika vipande vya mistari miwili au mitatu. Pigeni kipande kimoja kwa mkono wa kuume peke yake, polepole sana, huku mkihesabu kwa sauti: moja, mbili, tatu, nne. Kisha mkono wa kushoto peke yake. Kisha mikono miwili pamoja, polepole kuliko mwanzo. Mkikosea mara mbili mahali pamoja, mmekwenda haraka. Punguzeni mwendo mpaka kosa liondoke.

Tena jizoezeni kuanza mahali popote. Mimi sasa huwafundisha wanafunzi wangu kipande cha mwisho kwanza, kisha kile kinachotangulia, na hivyo kurudi nyuma hata mwanzo. Mtu aliyejifunza hivyo kila anavyosonga mbele hufikia mahali anapopajua zaidi. Na akikwama kanisani, hurukia mwanzo wa kipande kinachofuata akawakuta waimbaji huko. Laiti ningalijua jambo hili siku ile ya maziko.

Wengi wenu mwasoma solfa, ile iliyoenezwa na Mwingereza John Curwen katika karne ya 19 na kuletwa kwetu na wamisionari. Asiwaambie mtu kwamba elimu hiyo ni bure. Mkijua solfa, masikio yenu yamekwisha fundishwa nusu ya kazi. Lakini fahamuni tofauti moja: katika solfa do huhama, bali vibao havihami. Do ikiwa C, vibao vyote vya ngazi ile ni vyeupe. Do ikihamia G, ti huangukia kibao cheusi kilicho kati ya F na G. Do ikihamia F, fa huangukia kibao cheusi kilicho kati ya A na B. Chukueni wimbo mmoja mfupi mnaoujua, mkaupige kwa do hizo tatu. Mtajifunza mengi kuliko kukariri nyimbo kumi. Pamoja na hayo, someni noti za mistari mitano kidogo kidogo kila juma, kwa sababu vitabu vya piano vimeandikwa kwa hizo.

Halafu jifunzeni sauti tatu tatu zinazopigwa pamoja: C, E na G, kisha F, A na C, kisha G, B na D. Kwa mafungu hayo matatu mkono wa kushoto waweza kusindikiza nyimbo nyingi za ibada zilizo katika C, wakati mkono wa kuume unapiga sauti ya soprano. Si kazi ya kujivunia sana, lakini ni kazi safi, na kwaya yaweza kuifuata.

Najua swali lililo mioyoni mwenu: piano tutaipata wapi? Bei yake si ndogo. Ikiwa kanisa au shule yenu inayo, ombeni ruhusa ya nusu saa kabla watu hawajakusanyika, na mkitoka mkiache chumba kama mlivyokikuta. Kinanda cha umeme chafaa kuanzia, hata chenye vibao 61, ila mara nyingi vibao vyake ni vyepesi, na mtu akihamia piano ataona vidole vyake ni vinyonge. Hata vibao vilivyochorwa juu ya ubao, kwa kipimo cha vibao vya kweli, vyasaidia kukumbuka mahali pa vidole, ingawa havilii. Kwa walio Nairobi iko Kenya Conservatoire of Music, iliyoanza mwaka 1944 kwa jina la East African Conservatoire of Music.

Kuhusu muda, dakika 20 kila siku ni bora kuliko saa tatu za Jumamosi. Haba na haba hujaza kibaba. Na mwenye simu ajirekodi mara moja kwa juma, kisha asikilize bila kujihurumia. Sikio husikia baadaye yale lisiloyasikia wakati mikono inafanya kazi.

Wazee walio hapa wasidhani wamechelewa. Mtoto hushika upesi, lakini mtu mzima huelewa sababu, na akikatazwa haraka hutii. Wala msione haya kupiga wimbo wa watoto wa shule. Kinachotia haya ni kupiga wimbo mkubwa usioujua.

Neno la mwisho. Miaka mingi baada ya maziko ya mjomba, nilipiga kinanda katika maziko ya mama yangu. Nilikosea mara mbili, kwa maana macho yalikuwa na machozi. Lakini mikono ilijua pa kuendelea, ikaendelea, na hakuna mtu aliyeacha kuimba. Nilipotoka nje, dada yangu aliniambia kwamba wimbo ulikwenda vizuri. Sikumwambia habari ya makosa yale mawili.